Fukusi wa Serikali na Beseni la Shangazi

Mshahara wangu wa kwanza maishani niliupata kwa kulisha wadudu. Nasema hivi bila aibu. Wapo wenzangu wa darasa lile la zoolojia ambao leo wana vitambi na magari, na bado hawajalipwa kwa jambo lenye maana kuliko hilo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kwenye ubao wa matangazo wa kitivo chetu, Kampala, kati ya tangazo la mikopo ya vitabu na la mtu aliyepoteza miwani, palibandikwa karatasi mpya: wanafunzi wa sayansi walihitajika kwa utafiti wa likizo ndefu, Jinja, kwa malipo. Neno "utafiti" nililipita haraka. Neno "malipo" nililisoma, nikaenda kula, nikarudi kuhakikisha halijafutwa.

Si kwamba nilikuwa na tamaa sana. Tatizo lilikuwa baba. Baba yangu alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini aliyehamishwa huku na huku mpaka akastaafia Mbale, na kwake elimu ya wanyama ilikuwa na tawi moja tu la maana, nalo lilikuwa ng'ombe. Nilikulia kwenye nyumba za askari, ambako makabila yote yalielewana kwa Kiswahili cha amri, na hata leo nikiandika lugha hii huwa nakaa wima kidogo, kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Baba alikuwa ameshazungumza na wakubwa wake wa zamani. Nafasi ya kuruta ilikuwepo. Tena alikuwa ameweka buti zake mlangoni, nyumbani kwetu Namakwekwe, mtaa wa Mbale, buti nyeusi za kazi, na kila Jumamosi alizipaka rangi na kuzisugua kwa ajili yangu. Mguu wangu ulikuwa mdogo kuliko wake.

"Utakua ndani yake," alisema. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu.

Nilipomwambia kuhusu Jinja, alifikiri kwa muda, kisha akatoa hukumu. "Kulipwa mara moja ni bahati. Hata mwizi analipwa mara moja. Wakikuita tena likizo ya pili, mimi nitajua hii ni kazi, nitakuacha. Wasipokuita, viatu viko pale."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Jinja: si kutafuta maarifa, bali kutafuta kuitwa mara ya pili.

Wakati huo ziwa lilikuwa limevamiwa na gugu maji. Mtu aliyekuwa Jinja miaka ile hahitaji kuelezwa. Ufukwe ulikuwa kijani, bandari kijani, mahali pa kuteka maji kijani. Ungeamka asubuhi ukaona kisiwa ambacho jana hakikuwepo, na jioni kimeondoka na mitumbwi ya watu. Umeme ukikatika, gugu lililaumiwa. Samaki wakipanda bei, gugu. Redio ililiita adui wa taifa. Wafungwa waliletwa kwa lori kuling'oa kwa mikono, na askari mmoja alikaa kwenye kigoda chini ya mwavuli, bunduki magotini, akiwatazama. Nilimtazama yule askari kila asubuhi. Buti zake zilikuwa kama za baba.

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa kando ya ziwa, na kazi yangu ilikuwa kulima gugu maji.

Nasema kulima. Kulikuwa na wadudu walioletwa kutoka nje, aina ya fukusi, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi ghalani, ila hawa hawali kitu kingine chochote duniani isipokuwa gugu maji. Mpango ulikuwa kuwazalisha wawe wengi, kisha kuwaachilia ziwani wamalize kazi. Lakini fukusi hazaliani kwa matumaini. Anataka chakula, tena kisafi, kwa sababu gugu la ziwani huja na konokono, vyura, na wakati mwingine nyoka mwenye haraka zake. Kwa hiyo tulilipanda wenyewe, katika matangi ya saruji yaliyopangwa uani. Nililibadilishia maji. Nilitia samadi ya ng'ombe, nikajiambia kwamba hapo angalau baba angeridhika. Upande wa pili wa ua wa seng'enge wafungwa waling'oa mmea uleule wakilaani, na mimi upande huu niliuuliza kama umelala vizuri.

Msimamizi wangu alikuwa daktari wa wadudu, mama mmoja Msoga, mwenyeji wa Jinja, mpole, ambaye akikasirika alizidi kuwa mpole. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza, lugha ambayo sote wawili tuliiheshimu kiasi cha kutosema mengi.

Mlinzi wa kituo ndiye aliyezungumza. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, mwenye masharubu yaliyonyolewa kwa rula. Mimi aliniita Afande Sayansi. Fukusi aliwaita kuruta. Kila jioni alizunguka matangi akiwa amefunga mikono nyuma, akiinama kuchungulia majani yaliyojaa vitobo vidogo vya meno yao.

"Kuruta wanakula vizuri, Afande Sayansi?"

"Wanakula."

"Mimi sioni hata moja."

"Mchana wanajificha katikati ya majani. Hutoka usiku."

"Basi hawa si kuruta tena," alisema kwa heshima. "Hawa wako tayari kwa vita."

Siku moja shangazi yangu alikuja kutoka Mbale kuniona. Shangazi ni dada ya baba, naye alipanga chumba Namakwekwe, nyuma ya nyumba yetu, ambako kila kopo na kila sufuria iliyotoboka ilikuwa na mmea. Alileta unga wa mtama na siagi ya karanga. Hakunikuta. Nilikuwa nimekwenda Mpumudde, mtaa nilikopanga, kutafuta chakula cha mchana, na aliyempokea ni mlinzi. Alipojua kwamba mgeni wake ni dada ya afande wa magereza, alimpigia saluti, akampa kiti chake mwenyewe, na kumtembeza matangi yote kama mkaguzi mkuu.

Sasa kwetu mgeni hawezi kuondoka mikono mitupu, hasa mama mwenye umri ule. Hata kama nyumba haina kitu, atapewa ndizi, atapewa yai, atapewa mche. Kituo chetu hakikuwa na ndizi wala yai. Lakini gugu maji, adui wa taifa, lina ua zuri kuliko maua mengi yanayouzwa kwa pesa: zambarau hafifu, na katikati doa la njano kama jicho. Shangazi aliliangalia mara moja tu. Mlinzi aliona. Alichuma miche kadhaa kutoka tangi la mwisho, akaiweka kwenye beseni jipya ambalo shangazi alikuwa amelinunua sokoni, akatia maji, na kumsindikiza hadi barabarani. Mimi niliporudi nilikuta unga, karanga, na mlinzi mwenye furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. "Mama amefurahi sana," ndicho kitu pekee alichoniambia.

Likizo ilipokaribia mwisho, habari zilifika kwamba mgeni mkubwa kutoka wizarani atakuja kuwaona fukusi kwa macho yake. Daktari aliniita ofisini, akazungumza kwa upole mwingi. Akiridhika, wanafunzi wataendelea kuchukuliwa, na jina langu litakuwa la kwanza. Asiporidhika, mpango wa wanafunzi utafungwa. Nilitoka nikiwa naona buti.

Mlinzi naye alikuwa amesikia habari za mgeni. Na yeyote aliyekaa kambini anajua mambo yanavyofanywa kabla ya ukaguzi. Majani hung'olewa. Mawe ya njiani hupakwa chokaa. Kitu kisichotikisika hupakwa chokaa, na kinachotikisika hupigwa saluti. Daktari alikuwa Kampala kwa mkutano, nami nilikuwa upande mwingine wa mji nikitafuta samadi, na mlinzi akaona kwamba wakati umefika wa kuonyesha uongozi. Alizungumza na yule askari wa mwavuli, akaazimwa wafungwa kwa asubuhi moja.

Niliporudi na gunia langu la samadi begani, kituo kilikuwa kimeng'aa. Mawe yalikuwa meupe. Shina la mti lilikuwa jeupe hadi kiunoni. Na matangi, yote, yalikuwa yamepakwa chokaa ndani na nje, yamejazwa maji masafi kabisa, na juu ya maji hayo kulikuwa na picha ya mawingu, na chini hakukuwa na kitu.

Mlinzi alisimama wima mbele ya tangi la kwanza.

"Afande Sayansi, adui amekwisha. Ndani ya kituo hii, hakuna hata jani moja."

"Na wadudu?"

"Wadudu gani?"

"Kuruta, mzee. Kuruta wako wapi?"

Masharubu yalitulia. Alitazama tangi, akatazama ziwani, ambako lori la wafungwa lilikuwa limeshaondoka na uchafu wote kwenda kuuchoma. Kisha akavua kofia. "Lakini wewe ulisema mchana hawaonekani," alisema.

Siwezi kumlaumu. Elimu ile niliipanda kichwani mwake mimi mwenyewe. Kwa miezi alikuwa amelinda matangi ya kitu ambacho hajawahi kukiona, kwa neno langu tu, na redio ilikuwa ikimwambia kila siku kwamba majani yale ndiyo maadui. Askari gani ataacha adui ndani ya kambi siku ya ukaguzi?

Daktari alirudi alasiri. Alizunguka matangi yote polepole, akigusa chokaa kwa kidole.

"Pazuri sana," alisema kwa upole wa kutisha. "Wageni wanafika kesho kutwa asubuhi. Na wadudu waliobaki wote wako Kampala, kwenye maabara iliyofungwa, na mwenye ufunguo yuko ng'ambo."

Hapo ndipo mlinzi alipokohoa. "Madam, ile ya mama bado ipo."

"Ya mama gani?"

"Mama wa Mbale. Mimi nilimpa kutoka tangi ya mwisho. Kwa heshima."

Daktari alifumba macho. Mmea ule ulikuwa umepigwa marufuku kusafirishwa kwenda popote. Wadudu wale walikuwa hawaruhusiwi kutoka nje ya seng'enge. Kituo cha serikali kilikuwa kimemtumia shangazi yangu vyote viwili kama zawadi, ndani ya beseni, kwenda mji usio na ziwa. Alipofumbua macho, alinitazama mimi.

"Mbale ni mbali?" aliuliza, ingawa alijua.

Nilifika Namakwekwe jua likizama. Mbele ya chumba cha shangazi kulikuwa na mabeseni mawili, maana gugu halijui kukaa peke yake, na majani yote yalikuwa na vitobo. Katika maisha yangu ya sayansi, kabla na baada, sijawahi kufurahia uharibifu kiasi kile. Nilipiga magoti, nikapanua majani ya katikati, na pale ndani, wakubwa kama punje ya mchele, wa rangi ya vumbi, walikuwa wamebanana.

"Umewaona hao?" shangazi alisema nyuma yangu. "Wanamaliza ua langu. Kila asubuhi natoa, napa kuku. Kesho naweka dawa, nimeshanunua."

"Shangazi, usiweke. Hao ni wa serikali."

"Serikali inafuga hii?"

"Ndiyo kazi yangu. Hao ndio nawalisha."

Alinitazama kwa huruma mpya. Baba alikuwa amekaa barazani kwetu na kitambaa cha viatu mkononi, amesikia yote. Aliinua buti moja, akaitemea mate kidogo, akaendelea kusugua.

Shangazi alikubali kuutoa mmea kwa sharti moja: beseni haliendi bila yeye. Lilikuwa beseni jipya, na zaidi ya hayo alitaka kuonana na hao wataalamu, awaombe dawa ya nguvu kuliko ile ya dukani. Alfajiri tulipata lori la vitunguu eneo la viwanda. Dereva alimpakia shangazi mbele, beseni lenye miche yote mapajani, mimi nikapanda juu ya magunia.

Tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi kabla ya Iganga. Nilisikia sauti, nikashuka.

"Mama, nini hii?"

"Maua, afande."

"Hii maua mimi najua. Redio imesema hii ni adui. Unapeleka wapi?"

"Jinja."

Polisi alionekana mtu mwema aliyekesha kazini. "Jinja iko na hii, mama. Iko ziwa mzima."

"Ni ya kituo cha utafiti, afande," nikasema. "Ya kwao imekwisha."

"Gugu imekwisha Jinja?"

"Ndani ya kituo tu."

Akamwita mwenzake aliyekuwa akinywa chai chini ya kibanda. "Kuja usikie. Huyu anasema gugu imekwisha Jinja, wanaleta ingine kutoka Mbale."

Mwenzake alikuja na kikombe chake. "Mbale iko na ziwa?"

"Iko na beseni," alisema shangazi.

Niliona ni afadhali niseme ukweli wote, uamuzi ambao katika vizuizi vya barabarani haujawahi kunisaidia. Nikaeleza kwamba gugu lenyewe si muhimu. Muhimu ni wadudu walio ndani, wanaokula gugu, na kwamba tunawapelekea gugu ili wawe wengi, ili gugu liishe.

"Onyesha huyo mdudu."

"Mchana wanajificha, afande. Tukipanua majani sasa, na jua hili, tutawaumiza."

Polisi wote wawili walinitazama, kisha wakatazamana. Yule wa kwanza akamsogelea shangazi upande wa mlango wa lori, akashusha sauti, lakini si vya kutosha.

"Mama, hii kijana, ilianza lini?"

Shangazi alivuta pumzi. "Tangu aende yunivasiti."

"Pole sana, mama. Unapeleka yeye hospitali ya Jinja?"

"Kuna daktari huko anamjua," alisema shangazi, na hakuna neno la uongo ndani yake.

Walituinulia kamba. Yule wa chai alinipigia saluti nilipokuwa napanda juu ya vitunguu, taratibu, kama mtu anavyompigia mgonjwa asije akakasirika.

Mgeni mkubwa alifika siku iliyofuata akiwa na gambuti mpya na watu wengi wa kumshikia vitu. Alisifu sana usafi. Mlinzi, aliyekesha akisimama kando ya tangi la kwanza bila kuketi, alitunisha kifua. Katika tangi lile jeupe, tulilolisugua na kulisuuza upya, kulielea miche ya shangazi, peke yake, kama familia ya wakimbizi. Shangazi mwenyewe alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha mlinzi, beseni tupu miguuni, amevaa gomesi, vazi lake refu la kanisani. Hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke.

Daktari alipanua majani kwa vidole, akatoa fukusi mmoja, akamweka kiganjani mwa mgeni.

Mgeni alimtazama kwa muda mrefu.

"Ni huyu tu?"

"Ni huyu, mheshimiwa."

"Nilifikiri ni mkubwa."

"Huyo ni kuruta, mheshimiwa," alisema mlinzi, macho mbele. "Bado anakua."

Mgeni alimpindua mdudu kwa ukucha, na mdudu akajifanya amekufa, kama kawaida yao. Ilikuwa wazi kwamba huko wizarani walikuwa wameahidiwa kitu chenye pembe. Nilimwona daktari akizidi kuwa mpole. Nilihisi vidole vyangu vya miguu vikiogelea ndani ya buti za baba.

"Na kweli kidudu hiki kinaweza kumaliza gugu la ziwa?" mgeni aliuliza, tayari akigeuka kutafuta gari lake. Macho yake yakaangukia gomesi. "Na huyu mama ni nani?"

"Mimi nimetoka Mbale, mheshimiwa," alisema shangazi, akiinuka, "na nimekuja kushtaki hao wadudu. Wamekula maua yangu. Yalikuwa mazuri, wamekula majani, wameingia mpaka ndani ya shina. Natoa kwa mkono kila siku, wanarudi. Kuku wamewala mpaka wamechoka. Naomba unipe dawa, kama iko."

Mgeni aligeuka mzima. "Wamekula mmea huu? Huu huu?"

"Mabeseni mawili."

"Na hawakugusa mimea mingine?"

"Nina mimea mingi, mheshimiwa. Hata mchicha hawakuangalia. Ni hii tu wanachukia."

Mgeni alimwambia mmoja wa watu wake aandike. Kisha akampa daktari mkono, akautikisa sana, akasema kwamba miaka yote amesomewa ripoti, lakini hii ndiyo mara ya kwanza kukutana na mtu aliyeshindwa na wadudu hawa. Alipiga picha na shangazi. Alipiga picha na mlinzi. Mimi nilishika beseni ili lisionekane kwenye picha.

Jioni daktari aliniambia nirudi likizo ijayo. Alisema kwa Kiingereza, maneno machache, kisha akaongeza kwa Kiswahili, lugha asiyoipenda, ili yamfikie na mlinzi: "Na chokaa ifungiwe stoo." Kwa kuwa sheria haikumruhusu shangazi kurudi na gugu, na desturi haikumruhusu kurudi na beseni tupu, lilijazwa sangara wabichi, wamefunikwa na majani ya ndizi. Dawa hakupewa, na hilo hakulisahau.

Nilimsindikiza hadi Mbale. Baba alikuwa barazani. Shangazi alimsimulia yote, kuanzia kizuizi cha polisi hadi picha, na hakuacha ile sehemu ya ugonjwa wangu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akimtazama sangara wa juu kabisa.

"Sasa nieleze vizuri," aliniambia. "Serikali inalipa watu kung'oa hii gugu."

"Ndiyo, baba."

"Inalipa askari kuangalia wale wanaong'oa."

"Ndiyo."

"Halafu inakulipa wewe kuipanda, ulishe mdudu, mdudu aile."

"Ndiyo. Na wameniita tena."

Alifikiri. Kazi ya magereza, alisema hatimaye, inaweza kwisha siku moja watu wakiacha kuiba, ingawa yeye hajaona dalili. Lakini kazi kama hii yangu, alivyoielewa yeye, haina namna ya kwisha. Akaniambia nimsaidie shangazi kupara samaki.

Jumamosi iliyofuata nilimsikia akiamka mapema, akatafuta kopo la rangi ya viatu na kitambaa. Alikaa barazani akapaka viatu vyake vya kanisani, jozi hiyo moja tu, buti zikabaki mlangoni, kisha akafunga kopo.